Nyumba Juu ya Ardhi ya Mwidani

Yule bwana wa kampuni ya mikopo alifika Bofu, kule Likoni, siku chache baada ya hitima ya arobaini ya Mzee Mwidani, sufuria za kuazima zikiwa bado zimepangwa ukumbini zikingoja kurudishwa kwa wenyewe. Alikuwa na futi ya chuma ya kujikunja, ubao wa kuandikia, na viatu vilivyojaa mchanga. Alijitambulisha kwa jina la Absalom. Tima, mtoto mkubwa wa marehemu, alimpa kiti na maji ya kunywa akidhani amekuja kutoa pole.

"Pole ni lazima, dada," Absalom alisema. "Lakini pia nimetumwa kupima."

Akanywa maji yake yote, akarudisha bilauri kwa mikono miwili, akaanza kazi. Alipima nyumba ya mbele, ile aliyoijenga babu yake Tima na ambamo Mzee Mwidani alizaliwa na kufia. Alipima vile vyumba vinne vya kupangisha vilivyo upande wa barabara. Kisha akazunguka nyuma, na Tima akasikia sauti ya Bi Dhahabu ikipaa.

"Wewe! Wapima sanda ya nani? Mwenye mji tumeshamzika!"

"Napima nyumba, mama."

"Nyumba ya nani?"

"Hii hapa."

"Hini ni yangu. Ukitaka kupima, kapime ya mamako."

Tima alitoka mbio. Bi Dhahabu alikuwa amesimama barazani pake, kisutu kimoja mabegani na kingine kiunoni, na fagio mkononi kama mtu anayengoja sababu ya kulitumia. Absalom alikuwa ameshika ncha ya futi yake, na ile ncha nyingine ilikuwa chini ya mguu wa Bi Dhahabu. Ikabidi Tima aombe radhi pande zote mbili ndipo mguu uinuke.

Waliporudi ukumbini, Absalom aliuliza, "Huyu mama ni nani yenu?"

"Ni jirani yetu. Ile nyumba ni yake."

"Lakini iko ndani ya kiwanja cha mzee."

"Ndiyo. Ardhi ni yetu. Nyumba ni yake."

Absalom aliweka kalamu juu ya ubao. "Hebu rudia, dada. Pole pole."

Tima akarudia, na kwa kuwa hajawahi kuulizwa jambo hilo na mtu yeyote, alijikuta akitafuta maneno. Mtu asiye na ardhi humwendea mwenye ardhi, wakapatana kodi ya kiwanja ya kila mwezi, akajenga. Nyumba ni mali yake. Huiuza akitaka, huipangisha, hufa akaiacha wanawe wairithi, na mwenye ardhi hana neno maadamu kodi yake inafika. Siku wakiachana, mwenye nyumba huchukua mlango wake, boriti zake na mabati yake, akauacha mchanga kama alivyoukuta. Likoni nzima imejaa nyumba za namna hiyo, na Kisauni vilevile. Bi Dhahabu na mumewe walipewa mahali na babu yake Tima kabla Tima hajazaliwa. Mume alikufa, watoto wakaoa na kuolewa, Bi Dhahabu akabaki na nyumba yake ya vyumba sita, analala chumba kimoja.

"Kwetu bara," Absalom alisema, "mtu akijenga kwa shamba ya mwenyewe, huyo anatafuta kesi. Ama anatafuta rungu."

"Hapa anatafuta pa kulala," Tima akajibu, na Absalom akacheka, ingawa si kwa muda mrefu. Alikuwa na habari ya kutoa, na hakuipenda.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka wa themanini na tisa, Mzee Mwidani aliyekuwa karani wa shehena bandarini alikaribia kustaafu, akaona wafanyakazi kutoka bara wanatafuta vyumba Likoni nzima. Akaweka hatimiliki ya kiwanja rehani, akakopa, akajenga vile vyumba vinne. Miaka miwili ya kwanza kodi za vyumba zililipa mkopo na kubaki chenji ya samaki. Kisha riba ikapanda. Ikapanda tena kabla watu hawajaizoea ile ya kwanza. Kufikia mwaka huo wa tisini na tatu, kodi za vyumba vyote vinne hazikutosha hata malipo ya mwezi, na mzee alikuwa akijazia kwa pensheni yake. Alipolala kitandani miezi ya mwisho, pensheni ilikwenda kwenye dawa.

"Afisi kuu imetubana," Absalom alisema. "Kuna vyama vya kukopesha vimekufa na pesa za watu ndani. Sasa tumeambiwa kila mkopo upimwe upya. Dhamana ikitosha, tunawaongezea miaka, malipo ya mwezi yanashuka, mnapumua. Isipotosha, mtalipa kwa kiwango cha sasa pamoja na yote yaliyolimbika. Mkishindwa, ni mnada."

"Na inatosha?"

Absalom aliangalia hesabu zake, kisha akaangalia dirisha la nyuma. "Bila ile nyumba, haitoshi. Pamoja na ile nyumba, inatosha na kubaki."

Kilichotakiwa ni warithi wote wawili, Tima na nduguye Nassor, wafike afisini Jumatatu ya wiki iliyofuata waweke sahihi kwamba kila kilichosimama juu ya ardhi ile ni chao, na hakuna mtu mwingine mwenye dai.

"Kwa sheria niliyosomeshwa mimi," Absalom aliongeza, kwa upole wa mtu anayetaka kusaidia, "kilichojengwa juu ya ardhi kinafuata ardhi. Kwa hivyo hamtakuwa mmesema uongo. Mtakuwa mmethibitisha tu."

Alipoondoka, Tima alikaa pale pale ukumbini. Alikumbuka siku baba yake aliporudi kutoka mjini baada ya kuweka sahihi, amebeba halua, amechangamka kama kijana. Hakusema neno riba siku ile, wala hakulisema tena mpaka alipokufa; aliiita "gharama za kampuni," kwa sababu kulikuwa na watu msikitini waliokwisha kumtazama kwa jicho la pembeni, na nafsi yake mwenyewe ikimtazama hivyo hivyo. Lakini jambo moja alikuwa na hakika nalo. "Nimeweka mchanga tu," alisema. "Nyumba haikuguswa. Si hini yetu, si ya Dhahabu." Tima alikubali. Nani Bofu angesema vinginevyo? Mchanga ni kitu kimoja na nyumba ni kitu kingine, na mwanamume aliyehesabu shehena za watu kwa miaka yote ile hawezi kuchanganya mali ya huyu na mali ya yule. Kumbe kule alikoweka sahihi hawakujua kwamba kuna vitu viwili.

*

Nassor alikuja kutoka Kisauni siku ya Ijumaa baada ya sala. Alikuwa karani katika duka la mbao, ana mke na watoto, na kwa mirathi yeye ndiye mwenye fungu kubwa. Alisikiliza yote akiwa amesimama, kisha akakaa kama aliyetuliwa mzigo.

"Basi tumepona," alisema. "Tutie sahihi."

"Useme nyumba ya Bi Dhahabu ni yetu?"

"Dada, mimi sisemi tumnyang'anye. Tuseme ni yetu, tulipe, mkopo uishe, kisha tuseme tena si yetu."

"Nyumba ni mpira, huyu ampigie huyu kisha arudishiwe?"

"Ni maneno ya kwenye karatasi. Atakaa kwake, atafagia kwake, atatutukana kutoka kwake kama kawaida. Nani atamwambia?"

"Na tukishindwa kulipa?"

"Hatutashindwa."

"Baba naye alisema hivyo."

Nassor aliangalia mlango wa chumba cha mzee, palipokuwa na kitanda cha mgonjwa. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Sikiliza, dada Tima. Ukikataa, ardhi inauzwa. Atakayenunua atatutoa sisi, na Bi Dhahabu atamtoa vilevile. Hajui kodi ya kiwanja wala hajui babu. Sasa utakuwa umemsaidia nini? Niambie."

Swali hilo Tima alilala nalo, na Jumamosi asubuhi akavuka nalo feri kwenda kazini, ambako alipiga chapa karatasi za kutolea mizigo bandarini. Aliona kwamba Nassor hakukosea hesabu. Mwisho ungeweza kuwa ule ule. Lakini kulikuwa na tofauti ambayo hakuweza kuipigia chapa: mtu kutolewa nyumbani na mgeni asiyemjua ni msiba, mtu kufutwa na mkono uliokula chakula chake ni jambo jingine, hata kama yeye mwenyewe hatajua kamwe.

Alimkumbuka baba yake na tawi la mwarobaini. Mti ulikuwa wao, umeota upande wao, lakini tawi moja lilikwenda kulalia bati la Bi Dhahabu, na upepo ukivuma lilikwaruza. Mzee alipotaka kulikata alimwendea Bi Dhahabu kumwuliza kama atamruhusu apande juu ya bati lake. Bi Dhahabu alimwambia arudi kesho, leo amechoka kuona wanaume juu ya mapaa. Na mzee akarudi kesho. Tima alikuwa msichana wa shule wakati ule, akamwuliza baba yake kwa nini mwenye ardhi anyenyekee hivyo. Mzee hakuelewa swali. "Bati si langu," alisema.

*

Jumamosi hiyo kazi ilikuwa ya nusu siku. Tima alirudi Bofu adhuhuri, na kabla hajafika kwao aliona jambo ambalo macho yake yalikataa kulipanga. Nyumba ya Bi Dhahabu haikuwa na mlango. Penye mlango palikuwa na uwazi, na ndani ya uwazi ulionekana ukumbi mrefu wa katikati mpaka uani, kuku akipita. Mlango wenyewe, ule wa mvule wenye mbao mbili, ulikuwa umeegemezwa ukutani, na bawaba zake zimewekwa ndani ya kisahani. Juu ya paa fundi Boga alikuwa amechuchumaa na nyundo, anang'oa misumari.

Bi Dhahabu alikuwa ameketi kwenye kibago mbele ya uwazi ule, anachambua mchicha.

"Shikamoo, Bi Dhahabu."

Bi Dhahabu hakuitikia. Tangu Tima ajue kusema, shikamoo yake haikuwahi kuanguka chini pale barazani. Akasimama, jua la utosi, pochi mkononi, hajui aondoke au akae.

"Kuna nini, Bi Dhahabu?"

"Kaulize nduguyo."

"Nassor amekuja?"

"Kaja asubuhi, wewe hupo. Kaja na kikaratasi na kidau cha wino, ati niweke dole gumba kwamba nyumba hini ni ya warithi wa Mwidani. Dole gumba! Mimi, Tima? Mimi Msahafu nimeukhitimu nikiwa mwari, na gazeti humsomea huyu Boga asiyejua kusoma."

"Najua kidogo," Boga alisema kutoka juu.

"Wewe ng'oa misumari! Nikamwuliza Nassor, kwa nini niseme nyumba yangu ni yenu? Akaniambia, 'Ni maneno tu, bibi, maneno ya kwenye karatasi.' Nikamwambia basi na ndoa yako ni maneno tu, mwache mkeo yeo, ukamwoe tena mkopo ukiisha."

Boga alicheka juu ya paa mpaka nyundo ikamponyoka, ikabingirika juu ya bati na kuangukia mchangani. Hakuna aliyeiokota. Tima alielewa alichofanya nduguye: alifikiri mwenye nyumba mwenyewe akikubali, dada yake hatakuwa na kizuizi. Alikuja kuomba, si kuiba. Lakini hakujua kuomba kitu kama hicho, na labda hakuna ajuaye.

"Sasa wavunja?"

"Nachukua changu. Mlango wangu, boriti zangu, mabati yangu. Mchanga wenu nawaachia, hapo muandike mtakalo, hata mkitaka andikeni kuna jumba la Sultani."

"Utakwenda wapi?"

"Kwa mwanangu, Kisauni."

Wote wawili walijua mwanawe ana chumba kimoja na watoto watano. Hawakulisema. Bi Dhahabu aliendelea kuchambua mchicha, lakini majani mazuri aliyatupa na mabua akayaweka kwenye ungo.

"Mumangu alipokufa," alisema bila kuinua macho, "watu walinijia. Wakaniambia, 'Dhahabu, ardhi si yako, utatolewa, uza.' Nikamwendea babako. Nikamwuliza, Mwidani, nitatolewa? Akaniambia, 'Kwa mimi, hapana.' Hakunipa karatasi. Wala sikuitaka. Mimi nimekaa juu ya neno hilo miaka yote hini, na silaumu. Lakini amekufa, na neno lake naliona lamfuata."

Tima aliweka pochi chini, akaketi kwenye baraza ya saruji, upande wa pili wa ule uwazi.

"Nipe mpaka Jumatatu," alisema.

"Ya nini?"

"Niende afisini niwaambie nyumba si yetu."

"Ukisema hivyo ardhi ya babako itauzwa. Nassor kanieleza."

"Huenda."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Sijui."

Bi Dhahabu akamtazama kwa mara ya kwanza tangu afike. Alimtazama kwa muda, kama anayepima kitambaa alichokwisha kuuziwa kibovu siku nyingine.

"Bibi," Boga aliita, "hili bati nilishushe au ningoje?"

"Nani kakwambia ungoje?"

"Hakuna. Ila naona mwaongea."

"Shuka," Bi Dhahabu alisema. "Lakini mlango hauwekwi. Mlango utakaa hapo hapo mpaka Jumatatu."

Akatundika leso kwenye uwazi, na siku mbili zile Bofu nzima ilipita ikiiona.

*

Jumatatu asubuhi Tima na Nassor walivuka feri pamoja. Karibu na upande wa kisiwani Nassor alisema, "Mimi nitatia sahihi. Nakwambia mapema usije ukasema nimekugeuka. Siwezi kuiacha ardhi ya baba iende mnadani na mimi nimesimama tu."

"Na mimi sitatia," Tima alisema. "Nakwambia mapema vilevile."

"Basi tutaonekana wajinga."

"Tutaonekana ndugu."

Absalom aliwapokea katika chumba kidogo chenye feni iliyozungusha joto. Alikuwepo karani wa kike, Rispa, aliyeketi pembeni kuwa shahidi. Absalom alieleza tena yale yale, kisha akasema kwamba utaratibu unamtaka awaulize kwa mdomo kwanza, mmoja mmoja, mbele ya shahidi, ili kesho asitokee mtu akasema hakuelewa alichokitia sahihi. Ataanza na mwenye fungu kubwa.

"Bwana Nassor. Nyumba ya mbele ni ya nani?"

"Ya marehemu baba. Sasa ni yetu."

"Vyumba vinne vya barabarani?"

"Vyetu."

"Na nyumba ya nyuma ni ya nani?"

Tima aliangalia mikono yake. Alikuwa amekwisha kulipanga jibu lake mwenyewe, na alikuwa akijiandaa kulisema baada ya la nduguye, kwa heshima, bila kumfedhehesha.

"Ya Bi Dhahabu," Nassor alisema.

Alilitoa neno hilo haraka na wazi, kama mtu aliyeulizwa jina la mamake. Kisha akashtuka. Alifungua mdomo kulirudisha, akamwangalia Absalom, akamwangalia Rispa aliyekuwa na kalamu tayari, akafunga mdomo. Jasho lilimtiririka kutoka chini ya kofia.

"Niandike hivyo?" Rispa aliuliza.

Nassor alivua kofia, akaiweka magotini. "Andika," alisema. "Marehemu baba aliichukua kodi ya kiwanja kutoka kwake kila mwezi. Mtu hatoi kodi ya kiwanja kwa nyumba isiyo yake. Andika."

Tima naye akaulizwa, akajibu vivyo hivyo. Absalom alifungua kitufe cha shati shingoni. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyewapikia watu chakula wakasema wamefunga.

"Mmefanya kazi yangu kuwa ngumu, na yenu ngumu zaidi," alisema. "Muda hauongezwi. Mtalipa kwa kiwango cha sasa. Yale yaliyolimbika nawapa miezi mitatu, na hiyo miezi mitatu nitaiombea mimi mwenyewe. Na hiyo nyumba, nitaandika kwamba juu ya ardhi kuna nyumba ya mtu mwingine, kwa desturi ya mahali. Meneja ataniuliza ni mnyama gani huyo."

"Mwambie aje Bofu," Tima alisema.

"Kupimiwa sanda?" Absalom akauliza, na safari hii walicheka wote, hata Rispa ambaye hakujua wanachekea nini.

Barabarani Nassor alisimama chini ya kivuli cha duka la vitambaa, akajifuta uso. "Sahihi ningeitia," alisema. "Wallahi ningeitia. Mkono ulikuwa tayari. Ulimi ndio uliokataa."

Tima alimshika mkono, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya hata siku ya mazishi.

*

Hesabu ilibaki vile vile, haikulegea kwa sababu watu wawili walisema kweli. Kodi za vyumba vinne, mshahara wa kupiga chapa, na kile ambacho Nassor angeweza kukikata kwenye cha wanawe. Vyote pamoja viliishia njiani. Tima aliyasema haya barazani kwa Bi Dhahabu jioni ile ile, wakati Boga akirudisha bawaba. Hakuwa akiomba. Alikuwa akieleza, kama mtu anavyoeleza ugonjwa.

"Nyumba yenu ya mbele ina watu wangapi?" Bi Dhahabu akauliza.

"Mimi peke yangu, sasa."

"Na yangu ina vyumba vitano vimelala na panya. Ipangishe yote. Kuna yule muuguzi wa zahanati, Pascalia, mwenye mume na watoto na mama mkwe, anatafuta nyumba nzima mpaka amechoka. Atakulipa miezi ya mbele. Wewe ndoo hapa, upange kwangu."

"Nipange kwako?"

"Kwani mimi si mwenye nyumba? Chumba cha kushoto kina dirisha. Lakini nakwambia mapema, mimi ni mwenye nyumba mkali. Sitaki redio baada ya isha, na sitaki mpangaji anayechelewesha."

Tima alitaka kucheka, lakini kilichomjia si kicheko. Alilia pale barazani, kilio ambacho kwenye hitima hakikutoka, na Bi Dhahabu akamwachia alie, akimfokea Boga kwamba mlango umekaa upande.

Pascalia alihamia mwisho wa mwezi. Kodi yake ya miezi ya mbele ilikwenda yote kwenye yale yaliyolimbika, na Nassor akauza pikipiki yake kumalizia. Siku ya kwanza ya mwezi uliofuata, Tima alimpelekea Bi Dhahabu kodi ya chumba. Bi Dhahabu akaipokea, akaihesabu, akaifunga kwenye pindo la leso. Kisha akafungua pindo jingine, akampa Tima kodi ya kiwanja.

"Si tungetoa hii kwenye hii?" Tima aliuliza.

"Ya nyumba ni ya nyumba," Bi Dhahabu alisema, "na ya ardhi ni ya ardhi. Usianze kunichanganyia kama wale wa mjini."

Mkopo haukuisha mwaka ule, wala uliofuata. Kuna miezi walilipa, kuna miezi Absalom alipiga simu kwenye afisi ya Tima na sauti yake ilikuwa ya kazi tupu. Riba ilishuka kidogo, ikapanda, ikashuka. Ardhi haikuuzwa mwaka ule, wala uliofuata. Zaidi ya hapo Tima hakuwa na hakika ya kitu.

Alichokipata bila kukitafuta ni kuiona nyumba ya baba yake kutoka nyuma. Dirisha la chumba chake kipya lilitazama huko. Miaka yote alikuwa ndani yake akitazama nje. Sasa aliona ukuta ambao hakuwahi kuukalia mbele, nguo za watoto wa watu zikianikwa, moshi wa chakula asichokijua. Na aliona ufa, kuanzia chini ya dirisha la chumba cha mzee mpaka karibu na msingi, umepinda kama mkono.

"Bi Dhahabu," aliita. "Huu ufa uliuona lini?"

Bi Dhahabu alikuja, akasimama nyuma yake. "Zamani. Tangu alipojenga vile vyumba. Nilimwonyesha babako. Akasema ataziba akimaliza mkopo."

Tima alikaa na neno hilo siku nyingi. Aliwaza jinsi mzee alivyotandika kitanda chake upande wa ndani wa ufa ule, akalala hapo, akaugua hapo, akijua, na asimwambie mwanawe kwa sababu kila alichokuwa nacho kilikuwa na mahali pa kwenda. Jumapili moja alinunua saruji kidogo na kuazima mwiko wa Boga. Akachanganya kwenye karai, akalibeba, akavuka ule uwanja mdogo wa mchanga. Alifika mlango wa uani ambao utotoni mwake aliuingia akikimbia, bila kubisha.

Akasimama. Ndani kulikuwa na watoto wakigombania kijiko.

"Hodi," alisema.

"Karibu!" Pascalia aliitikia. "Nani?"

"Ni mimi, Tima. Naomba kuziba ukuta."